Daftari la Muthanna na Ampea Nne

Wako watu wanaolinganisha ili wanunue, na yuko Muthanna, karani wa idara ya maji, anayelinganisha ili asinunue. Nimeuza vifaa vya kompyuta katika Mtaa wa Sinaa, hapa Baghdad, kwa miaka kumi na tisa, na mteja wa namna yake sijapata mwingine, namshukuru Mungu.

Kila Alhamisi akitoka kazini anakuja dukani kwangu, anavuta kiti cha plastiki, anamwagia sukari chai yangu na kufungua daftari lake. Humo ndani zimo kadi za michoro, zile zinazoipa kompyuta nguvu ya kuchora: za zamani kwa wino wa bluu, mpya kwa wino mwekundu, mistari yote imepigwa kwa rula. Kumbukumbu, kasi, viini, idadi ya feni. Hata uzito kwa gramu ameandika. Uzito wa kadi unamsaidia nini mtu asiyeinunua, mimi sijui.

"Baba Rusul," nilimwambia miaka minne iliyopita, "chukua hii ya gigabaiti sita umalize kazi."

"Sita? Mwezi ujao inatoka ya nane! Unataka nibebe maiti nyumbani?"

"Maiti gani? Si inafanya kazi?"

"Hata punda anafanya kazi, Kadhum."

Basi akangoja ya nane. Ilipotoka ya nane, ikatangazwa ya kumi na mbili. Ilipofika ya kumi na mbili, wakasema ya kumi na sita iko njiani. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini Muthanna si mkulima, na jembe lenyewe hakuwa analitaka yeye. Alikuwa analitaka Rusul, binti yake wa pekee, anayesomea ubunifu wa majengo. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa ikichora ukuta mmoja tangu kifungua kinywa mpaka chakula cha mchana. Dirisha lilisubiri kesho yake.

Mwezi wa sita mwaka huu maji yakamfika shingoni. Rusul alitakiwa kuwasilisha kazi yake ya mwisho, maktaba nzima ambayo mtazamaji anatembea ndani yake kwenye skrini. Asipoiwasilisha Jumapili ya wiki iliyofuata, mwaka mzima unarudiwa. Hapo ndipo Muthanna aliponunua. Alinunua mpya kuliko zote, yenye feni tatu, na sanduku lake kubwa kama sinia la masgufu, samaki wetu wa kuchoma. Aliipitisha mbele ya maduka yote ya mtaa, akienda polepole. Mimi niliyemuuzia nilimpungia mkono kama ninayemsindikiza Makka. Tulikuwa tumelinganisha kila kitu. Ampea hatukuzitaja hata kwa bahati mbaya, sisi watu wa Baghdad, ambao mtoto wetu anajua neno ampea kabla hajaota meno.

Nyumba ya Muthanna inapata ampea nne za umeme kutoka jenereta ya mtaa, basi. Umeme wa serikali ukikatika, hizo nne ndizo zinazoendesha friji, kipoza hewa na taa mbili. Jioni ile umeme ukakatika, Rusul akawasha kadi mpya, feni zikavuma, na swichi yao kule kwenye jenereta ikaanguka kwa kuzidiwa. Baba Layth, mwenye jenereta, akaipandisha. Ikaanguka tena. Mara ya tatu akaja mpaka mlangoni.

"Muthanna! Umefungua kiwanda cha barafu bila kuniambia?"

"Niongezee ampea mbili, Baba Layth, Mungu akuweke."

"Sina. Subiri mtu ahame au afe."

Wakazima friji. Wakazima kipoza hewa, na joto ni digrii arobaini na sita, mama Rusul kajifunika taulo lililoloa. Swichi ikaanguka vilevile, na mchoro ukapotea.

Jumatatu Rusul alikuja dukani peke yake, kakumbatia lile sanduku.

"Ami Kadhum, ile kadi ya zamani ya gigabaiti sita bado unayo?"

Ninayo! Ndiyo niliyokuwa naweka birika la chai juu yake. Nikaifuta kwa kiganja, nikiona haya kidogo.

"Inakula wati ngapi?"

Miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kuanza na swali hilo. Nikasoma kibandiko: mia moja na ishirini. Mpya ilikuwa inakula mia tano na sabini. Rusul akahesabu kwa vidole.

"Inatosha, na friji ya mama inawaka. Hii mpya niwekee hapa. Na usimwambie baba mpaka niwasilishe."

Alhamisi Muthanna akaja, kifua mbele.

"Siku za kwanza ilikuwa inaizoea nyumba tu! Sasa swichi haianguki, na rangi, Kadhum, rangi! Jicho halidanganyiki. Hao wa gigabaiti sita watayaonea wapi mambo haya?"

Chai ikanipalia. Kadi yake mpya ilikuwa rafuni, kimo cha mkono juu ya kichwa chake.

Jumapili nilikwenda chuoni, Rusul mwenyewe alinialika. Rusul alitutembeza ndani ya maktaba yake, vyumba vyote, mpaka kivuli cha ngazi. Profesa mmoja akauliza ametumia mashine gani. Muthanna akasimama, daftari mkononi.

"Ina viini elfu ishirini na…"

"Baba, kaa," alisema Rusul kwa upole. "Ni kadi ya zamani, ya gigabaiti sita. Kwetu tuna ampea nne."

Ukumbi mzima ukapiga makofi, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa na ampea zake. Rusul alifaulu. Muthanna alikaa.

Alhamisi iliyofuata alikuja, chai hakuigusa. Nikajiandaa kumtania, na nilikuwa na ya kumtania mpaka Idi. Akafungua daftari ukurasa wa kwanza kabisa, penye ile kadi ya gigabaiti sita kwa wino wa bluu, na mstari mwekundu aliokuwa ameikatia. Chini ya mstari ule, kwa penseli, palikuwa na mwandiko wa kike: *Baba, hii inanitosha.*

"Aliandika mwaka wake wa kwanza," alisema. "Miaka minne nalifungua daftari hili mbele yako, Kadhum. Nimesoma mpaka gramu, hili sikuliona."

Nikaishusha ile mpya kutoka rafuni, nikamuuliza kama ananiachia niiuze au anaichukua.

"Iuze," alisema. "Lakini kwanza muulize mnunuzi nani anaingoja nyumbani, na yeye anataka ipi."