Karte ya Likasi Haivuki Ziwa

Siku Florent Nkulu alipostaafu, kampuni ya shaba iliyomutumikisha kule Likasi, Zaire, ilimupa vitu viwili na kumunyanganya kimoja. Ilimupa pansio, yaani feza kidogo ya uzeeni kila mwezi. Ilimupa pia karte ya hospitali yenye picha yake, ya muke wake Eneless, na ya binti yao wa mwisho, Régine. Halafu ikachukua nyumba. Nyumba za kampuni zilikuwa za wenye kazi, na mutu asiye na kazi alipewa miezi mitatu ya kuhama.

Ilikuwa mwaka 1975. Kwa miaka ishirini na nane Florent alikuwa fundi wa mashine za kusaga mawe, na vumbi la mawe yale lilikuwa limeingia kifuani mwake likakaa. Daktari wa kampuni alimuonyesha picha ya mapafu yake, akamwambia kwamba vumbi lile halitoki tena. Hospitali ingeweza tu kumusaidia wakati pumzi inapokatika, kwa sindano, vidonge na hewa ya chupa. Yote hayo bule, kwa sababu ya ile karte.

Kupanga nyumba mujini, pansio haikutosha. Binti yao mukubwa, Colette, aliishi na mume na watoto watano katika vyumba viwili. Eneless alikuwa mzaliwa wa Nchelenge, ngambo ya ziwa, upande wa Zambia, na baba yake alikuwa amemuachia shamba la mihogo na nyumba.

"Baba Colette," alisema siku moja akifunga sufuria ndani ya shuka, "kule kuko nyumba. Iko ya udongo, lakini iko nyumba. Twende."

Walikwenda kwa lori mpaka Kilwa, halafu wakavuka ziwa Mweru kwa boti ya wachuuzi wa samaki, watu watatu na masanduku manne.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Jirani walimwita kwa heshima Ba Florent, jina la Kikristo ambalo kule Zaire serikali ilikuwa imekataza lisiandikwe tena kwenye makaratasi. Alitengeneza paa, akachimba choo kipya polepole, akipumzika kila baada ya koleo kumi. Halafu baridi ya mwezi wa sita ikafika, na usiku upepo wa ziwa uliingia kwenye nyufa za ukuta. Asubuhi moja Eneless alimukuta amekaa kitandani, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, anavuta hewa kama mutu anayevuta kamba nzito.

Alilazwa hospitalini siku tano. Walimutunza vizuri. Siku ya kutoka, karani alimuomba karte ya uraia, na Florent akatoa ile ya Likasi. Karani aliigeuza, akaisoma mbele na nyuma, akairudisha kwa mikono miwili.

"Ba Nkulu, hii haivuki ziwa," alisema kwa upole. "Mwenyeji halipi kitu. Lakini mugeni analipa."

Malipo yale yalimeza pansio ya miezi miwili. Kule ngambo alikuwa na matibabu bila nyumba, na huku alikuwa na nyumba bila matibabu.

Walianza kutafuta. Mutu aliwaambia kwamba katika muji wa Mansa kuna biro, yaani ofisi, ya bima, nao wakaenda kwa basi, Eneless akiwa mukalimani kwa sababu Kibemba cha Florent kilikuwa cha sokoni tu. Wakala alikuwa kijana aliyevaa tai. Aliuliza umri, akaandika. Aliuliza kazi, na Eneless alipotaja kusaga mawe, kalamu ikasimama.

"Mama, sisi tunapokea mutu muzima anayeogopa kuugua," alisema. "Huyu muzee anaugua tayari. Wakubwa wangu watakataa hata nikimuandika."

"Na mimi na mutoto?"

Wakala aliwapa bei ya mwaka. Eneless hakuitafsiri. Alisimama, akamushika Florent mukono.

"Anasema nini?" Florent aliuliza.

"Anasema twende nyumbani."

Florent aliiandikia kampuni barua mbili. Jibu lilifika baada ya miezi minne, mistari mitatu, likisema kwamba bwana Nkulu anaweza kutibiwa bule katika hospitali yoyote ya kampuni. Aliisoma mara nyingi, kama vile musitari wa nne ungetokea.

Mwishoni mwa mwaka 1976 walikwenda boma, biro ya serikali pale Nchelenge. Karani wa huko, Goodson Mwila, alisikiliza mpaka mwisho. Eneless amezaliwa hapa, alisema, kwa hiyo anaweza kupata karte ya uraia, na Régine ataandikwa chini ya mama yake. Lakini aletwe ndugu muzee aliyemujua kabla hajaondoka, aje aape.

"Na bwana?" Eneless aliuliza.

"Bwana ataandika barua Lusaka. Angoje. Miaka, pengine."

Nje ya boma kulikuwa na mutu mwenye meza na mashine ya kuandika, aliyewaandikia watu barua zao. Alikuwa amesikia yote kupitia dirisha. Alimuuliza Eneless kama katika jamaa yao hakuna mwanaume wa umri wa Florent aliyekufa zamani bila kifo chake kuandikwa.

Alikuwepo. Ackson, mutoto wa mujomba wa Eneless, alizama ziwani mwaka 1949.

"Basi kwenye makaratasi yuko muzima," mwandishi alisema. "Ndugu yule yule atakayemuapia mama, amuapie na muzee. Awe Ackson. Huo njo mwisho wa taabu."

Florent aliliwaza jambo lile wiki nzima. Hakuwahi kuiba hata musumari kazini. Lakini pumzi ilikuwa inakatika tena, na alikuwa amechoka. "Serikali yangu ilininyanganya jina la Florent ndani ya siku moja," alimwambia muke wake. "Wakati ule sikufa. Sasa nikiitwa Ackson, nitakufa?"

Ndugu aliyebaki wa kuapa alikuwa mumoja tu, Nsama, dada mukubwa wa Eneless, aliyekausha samaki kule Puta. Hawa wawili hawakuwa wameongea kwa miaka kumi na mbili, tangu mama yao alipozikwa na Eneless asifike. Wakati ule kulikuwa na vita Congo na njia zilifungwa, lakini kaburini Nsama aliona tu kwamba mudogo wake hayupo.

Walimukuta ufukweni akigeuza chisense, samaki wale wadogo wanaoanikwa kwenye mchanga. Hakuacha kazi. Eneless alipiga magoti akamusalimu kwa Kibemba, na Nsama akajibu kwa Kiswahili cha biashara, kama vile anamujibu muchuuzi wa Congo.

"Umekuja kununua?"

"Nimekuja kuomba, yaya, dada yangu."

Eneless akaeleza yote: karte, kifua cha Florent, na mwishoni kabisa, akitazama chini, jina la Ackson. Nsama alisimama. Alikuwa mwanamuke mwembamba, mikono imejaa magamba ya samaki.

"Ackson nilimubeba mugongoni mimi," alisema. "Alipozama, mimi njo nilimukuta, siku ya tatu. Nilimujua kwa mukanda tu." Alimugeukia Florent. "Shemeji, unanisikia? Eneless nitamuapia, sababu aliondoka kweli na alirudi kweli. Mutoto wake pia. Lakini yule nilimuzika. Sitamutoa mu kaburi kwa sababu ya karatasi."

Florent alivua kofia. "Unisamehe, dada," alisema. "Haikuwa wazo zuri." Baadaye alimwambia Eneless kwamba haya ilimushika mpaka miguuni, lakini pia alipumua, mara ya kwanza wiki ile.

Nsama aliapa siku ya pili. Karani Mwila alipomuuliza anamujuaje huyu mama, alijibu: "Ana kovu chini ya goti. Mimi njo nilimusukuma akaanguka." Wanawake wale walitoka boma wakicheka na kulia pamoja, na Florent akatembea nyuma yao akibeba kapu. Eneless na Régine walikuwa salama. Mugeni sasa alikuwa peke yake.

Akaamua kwenda kutibiwa Likasi mara mbili kwa mwaka. Safari ya kwanza aliianza mwezi wa tatu, 1977, na alipofika Kilwa akasikia vita imeingia jimbo la Shaba. Askari waliwateremsha abiria wote kwenye lori. Alilala siku nne kwenye godauni ya samaki, halafu akarudi. Safari ya pili alifika, akatibiwa, akalala sakafuni kwa Colette. Daktari alimuuliza amekuja kwa njia gani. Florent alipomwambia, daktari akatikisa kichwa. Siku tatu za vumbi juu ya lori, alisema, zinaharibu zaidi ya kile ambacho sindano zinatengeneza.

Aliporudi Nchelenge alikuwa amekonda, akawaambia hatavuka tena.

Nsama sasa alifika kila wiki kuuza samaki Kashikishi, kando ya Nchelenge, na jiko la hospitali ile alikolazwa Florent lilinunua kwake. Wiki moja alikuta wagonjwa na ndugu zao wakichota maji ziwani kwa ndoo, kwa sababu pampu ilikuwa imekufa na fundi wa Mansa hakufika. Alimwendea sista musimamizi.

"Shemeji yangu alitengeneza mashine miaka ishirini na nane," alisema. "Yuko nyumbani, anakohoa tu."

Florent alikwenda na mufuko wa vyombo vyake. Ilimuchukua siku mbili, akikaa chini kila robo ya saa. Maji yalipotoka, sista aliuliza anataka alipwe nini.

"Sitaki feza," alisema. "Nitakuja kila wiki. Pampu, mota inayotoa umeme, vitanda, chochote. Nikikosa pumzi, munipokee. Hiyo njo asiransi yangu, bima yangu."

Sista aliliandika jina lake kwenye daftari la wafanyakazi, Florent Nkulu, fundi.

Eneless hakufurahi kama Florent alivyotegemea. Jioni ile alimukuta akinoa patasi. "Baba Colette, ulistaafu," alimwambia. "Kazi njo ilikupa ugonjwa. Sasa unaifanya tena, ili utibiwe ugonjwa wa kazi?"

"Ndiyo," alisema Florent, akaendelea kunoa.

Ikawa hivyo. Kila wiki, siku ya tano, alitembea polepole mpaka hospitali, akisimama mara sita njiani. Mwezi wa saba, 1979, alilazwa siku kumi na moja, na safari hii hakuna aliyemuomba karte. Siku ya nne mota ilizimika. Walinzi wawili wa hospitali walikuja mpaka kitandani, mikono imepakaa mafuta, wakasimama, wakaona haya kumuuliza mutu mwenye mupira wa hewa puani.

Florent aliwaona, akafumba macho kidogo. Halafu akaomba wamuinue kwenye muto.

"Mumeangalia chujio ya mafuta?" aliuliza. "Hapana? Basi muanze hapo."