Fundi Aliyelijua Bega la Ndugu Yangu

Hapa Koboko kuna kibanda cha video, na mwaka jana nilikaa humo nikaangalia picha moja ya mambo ya miaka ijayo. Mtu anasimamishwa mbele ya mashine, mashine inamsoma mwili wote, halafu inasema huyu hajaua lakini ataua, basi wanamfunga. Vijana wakashangaa, wakapiga kelele. Mimi nikatoka kabla haijaisha. Mashine ya nini? Kwetu Arua kazi hiyo ilifanywa na fundi cherehani.

Jina lake siandiki, na si kwa woga. Mtu yeyote aliyekaa mtaa wa Oli miaka ile anamjua: yule mwenye mguu mmoja mfupi, cherehani yake barazani, mlango wa tatu kutoka msikitini. Huyo huyo.

Baba yetu alikuwa askari, akafa kabla ya 1979. Sisi watoto wake hatukushika bunduki. Ndugu yangu mkubwa alikata magogo upande wa Inde, kuni za kukaushia tumbako, akiyabeba kwa bega la kulia mpaka likafanya sugu. Mashati yake yote yalitoboka hapo hapo, na fundi ndiye aliyetia viraka. Alikuwa akimtania: "Wewe, bega yako inakula kitambaa kama mbuzi! Lete shati ya bati, nitashona."

Serikali ilipoanguka mwaka huo wakaja askari wengine. Hao hawakutujua. Walijua kitu kimoja tu: watu wa huku ni watoto wa jeshi la zamani, na asiyepigana leo atapigana kesho. Asubuhi moja wakapita nyumba kwa nyumba wakisema wanaume wote waende uwanjani kukaguliwa. Tulishasikia wanakagua nini. Bega, kama lina alama ya mkanda wa bunduki. Miguu, kama ina alama ya buti.

Mama akafanya alivyojua. Akachukua mafuta ya simsim, yale ya ufuta, akasugua lile bega, akasugua tena, ili sugu ilainike. Kwetu mafuta ya simsim ni dawa ya kila kitu, mtoto mchanga anapakwa, kiungo kilichoteguka kinapakwa. Hakuna aliyefikiria jua.

Uwanjani tukavua mashati. Mabega ya watu wote yalikuwa makavu, yana vumbi. La ndugu yangu liling'aa kama sufuria mpya. Mkubwa wao akacheka.

"Huyu anaficha nini hapa?"

"Afande, mimi nabeba kuni ya tumbako," ndugu yangu akasema. "Uliza fundi. Yeye ndiyo anashona shati yangu."

Maana fundi alikuwa amekaa pale, kwenye kiti, amewekwa awe mtu wa kuwatambua watu wa mtaa. Akaliangalia lile bega. Alilijua kuliko hata mama.

"Baba yake ilikuwa askari," akasema. "Huyu bado. Lakini itakuwa."

Basi. Wakampandisha lori, na hatukupewa hata mwili wa kuzika. Mimi nilikuwa nauza sabuni, bega langu laini, nikaachwa. Siku hiyo hiyo tukavuka mpaka pale Vurra kuingia Kongo: mama, mimi, mke wa ndugu yangu, na binti yao mchanga mgongoni. Mama alifia huko. Hakugusa tena mafuta ya simsim, na mpaka mwisho aliosha mikono kama mtu aliyetoka kuchinja.

Yule binti nimemlea mimi. Tuliporudi tukakaa Koboko, akakua, na siku moja akaniambia kuna kijana anataka kuja na wazee wake kuposa. Nikasema waje. Waliingia wanne: kijana, wazee wawili, na baba wa kijana akichechemea nyuma, kanzu nyeupe.

Nikawapa chai. Fundi, ambaye naye siku hizo alishonea Koboko, akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu," akasema, "mambo ya wakati ule yalikwisha. Sisi wote tuliteseka. Kijana hajafanya kitu."

"Na ndugu yangu alikuwa amefanya nini?"

Wale wazee wakatazamana, hawakujua habari hii. Nikawaambia mimi ndiye walii wa binti, msimamizi wa ndoa yake, na neno langu ni hili: fundi aseme mbele yao alama ya bega la ndugu yangu ilitoka wapi. Akisema, binti ni wao.

"Baba, sema," kijana akamwambia.

Fundi akaweka kikombe chini, akasema akiangalia mkeka: "Ilikuwa kuni. Mimi nilijua ilikuwa kuni. Waliniambia nikitetea hata mutu mmoja, na mimi nitapanda lori."

Nikasimama. Nikasema, "Asante. Sasa ondokeni. Binti sitoi."

Mzee mmoja akanishika mkono: "Lakini umeahidi mbele yetu!"

"Nimeahidi. Sasa nakataa."

Binti alikuwa nyuma ya pazia. Alitoka na macho mekundu, akasema, "Baba mdogo, mimi nimekukosea nini?" Nikakusanya vikombe, nikatoka navyo nje. Baada ya miezi miwili imamu alisema walii akikataa bila sababu ya dini, yeye atasimama badala yake. Akawaoza. Sikwenda. Siku hiyo nililima mihogo mpaka mchana, na binti mpaka leo ananisalimia kwa mbali tu.

Watu wanasema nilivunja ahadi. Ni kweli. Lakini wale wazee wawili walisikia, na wakaenda kusema. Nguo za sikukuu sasa zinapelekwa kwa fundi mwingine. Ijumaa msikitini, watu wakiwa wamekaa wakingoja hotuba, anayekaa karibu na yule mwenye mguu mfupi husogea, na pembeni yake hubaki mkeka mtupu. Mimi huenda mapema, nipate mahali pa kuona vizuri.