Raketi Niliyoinywesha Maji

Rafiki yangu wa Kondoa, niliyecheza naye mpira wa meza ofisini kila jioni, alipofariki, mjane wake alinikabidhi raketi yake ndani ya kopo la biskuti.

"Shemeji, nitunzie mpaka nitoke eda," alisema. "Nikiiona sasa hivi nauona na mkono wake. Ila irudi kama ilivyo."

Miezi minne na siku kumi. Nina shahada mbili. Kutunza kibao kilichobandikwa raba pande zote sikuona kama ni kazi.

Marehemu alikuwa akiifuta raba kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, anaiacha ikauke, anaifunika kwa nailoni. Basi. Mimi nilitazama kiangazi cha hapa kwetu Mkonze kinavyopasua midomo, visigino na milango, nikaamua raketi nayo ina kiu. Nikaivingirisha kwenye gunia bichi, vile tunavyofunga vipandikizi vya mizabibu tukivitoa mashambani Hombolo, nikailaza nyuma ya mtungi. Kila asubuhi nilinyunyizia maji. Nilijiona mtaalamu.

Siku chache kabla ya eda kuisha nikafungua gunia. Ubao umevimba, raba imeinuka katikati kama lengelenge. Kwa hofu nikaianika dirishani, kwenye upepo mkavu.

Saa nane mchana nikasikia: to, to, to. Kimya. To, to, to.

Marehemu hakuwahi kuanza mchezo kabla ya kudundisha kimpira mezani mara tatu. Nilijieleza, kwa ufasaha kabisa, kwamba mbao iliyolowa ikikauka haraka hulia. Kisha nikaenda kukaa kwa jirani mpaka magharibi.

Mjane alikuja Ijumaa. Kopo, raketi ikiwa imerudi ndani yake, lilikuwa mezani kati yetu, nami natafuta pa kuanzia, raketi ikaanza yenyewe. To, to, to. Akaweka kikombe chini.

"Umeifanya nini?"

"Niliinywesha maji, shemeji."

Akafungua kopo, akabonyeza lile lengelenge kwa kidole gumba. Hewa ikatoka taratibu, raba ikalala. Alipoondoa kidole, ikainuka tena. Tukaitazama.

"Miezi minne nimejifunza kulala bila kusikia mtu akipumua chumbani," alisema, akifunika kopo. "Baki nayo."

Ipo kabatini. Siku hizi naifuta kwa kitambaa, naiacha ikauke, naifunika kwa nailoni. Mvua zikianza raba huinuka kidogo. Kiangazi kikirudi, huwa nina shughuli nyingi kwa jirani.