Mama Vumilia na Makanisa ya Mashambani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka nikasahau njia ya nyumbani, sitaisahau. Ulikuwa mwaka 2015, baridi ya Johannesburg ndiyo inaanza, na wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu maduka ya wageni yavunjwe. Kila mgeni alitembea huku akigeuka nyuma. Mimi nilikuwa bado na nguvu za ujana, nimetoka Kigoma, nashona nguo pamoja na Mama Vumilia, mjane mzee wa Uvira aliyenishika mkono mjini kama mwanawe wa kumzaa.

Mama huyu alikuwa na desturi. Kila mwaka alitenga Jumamosi moja akayatembelea kwa miguu makanisa matatu ya mashambani, kule ng'ambo ya Midrand, ambako wafanyakazi wa mashamba husali wenyewe bila padri wa kudumu. Alipofika nchi hii hana mbele wala nyuma, alivuna viazi huko, na watu wale walimpa pa kulala. Mwaka ule sote tulimsihi asiende.

"Mama, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," nilimwambia. "Kama ni lazima, sema umetoka Limpopo, mkoa wa hapa hapa nchini. Kiswahili kiache nyumbani."

Aliendelea kufunga kitambaa chake kichwani. "Yosefu, nikifika kanisani nimeficha jina, nitamwomba nani? Na hawa watu, asiyekujua hakuthamini. Tukijifungia ndani, watatujua lini?"

Nikavaa viatu, nikamfuata.

Teksi ilituacha mwisho wa lami. Kanisa la kwanza lilikuwa la matofali mekundu, dogo hata ungedhani ni stoo. Lakini ndani, mwanangu! Sakafu imepigwa nta inang'aa, na maua ya porini yamesimama kwenye kopo la maziwa. La pili lilikuwa ghala la zamani la mahindi, msalaba umechorwa ukutani kwa chokaa. Mimi niliyezoea makanisa ya mjini, yenye spika za kupasua masikio, sikujua kwamba ukimya nao unaweza kumshibisha mtu. Kila mahali Mama alipiga magoti, akakaa, hana haraka.

Kutoka hapo njia ilikuwa ndefu, nyasi kavu pande zote, hakuna pa kukimbilia. Ndipo vijana watatu wakatusimamisha. Mmoja akauliza kwa Kizulu tunatoka wapi. Nikamsogelea Mama.

Mama akamjibu kwa Kizulu chake cha kuchechemea: "Mimi ni Vumilia, Mkongo. Tunakwenda kusali kule kilimani."

Kijana akatazama miguu ya Mama iliyojaa vumbi. "Kwa miguu, Gogo?" Ndivyo wanavyomwita bibi. "Eish! Shamba la mbele lina mbwa wakali. Ngojeni." Akaokota fimbo, akautundika mkoba wa Mama begani mwake, akatutangulia mpaka tukavuka salama.

Kanisa la tatu ni la mawe, mawe ambayo wanawake wa pale waliyabeba kichwani kutoka mtoni. Walikuwa wamekaa nje, sufuria ya ugali na kabichi pembeni. Kiongozi wao, MaNkosi, alipotuona alisimama, akamshika Mama mikono yote miwili, akalia.

"Tulidhani hutakuja tena," alisema. "Tulitaka kuja kwako, tukaona haya. Baada ya yale, tungekutazamaje usoni?"

"Nitazame hivi hivi," Mama akasema, naye machozi yanamtoka.

Tuliimba mpaka jua likaegemea magharibi, kila mtu kwa lugha yake, wimbo mmoja. Nimesikia kwaya nyingi tangu hapo. Hakuna iliyonigusa moyo kama ile.

Basi shika neno hili, mwanangu. Sikwambii ujitie hatarini ovyo. Hofu isikilize, ina lake la kusema. Ila isikuchagulie njia. Waendee waliokutendea wema, hasa siku mambo yanapoharibika, na uende ukiwa wewe mwenyewe. Pengine unayedhani anakuchukia amekaa tu anaona haya, hajui aanzie wapi. Wewe anza.

Mungu akupe mwendo usiochoka, akuwekee mtu mwema mahali penye mbwa, na kila utakapofika ukute waliokuwa wakikungoja. Amina.