Kinamasi cha Nyirabagenzi

Ndugu zake walipogawana shamba la marehemu baba yao, Floribert hakuwapo. Alikuwa amekwenda Walikale kubeba mizigo. Aliporudi Masisi akakuta wamejichukulia mlima wote, penye udongo mweusi unaostawisha maharagwe, naye wamemwachia bonde, kinamasi ambacho mtu akikikanyaga huzama hadi magotini. Floribert hakugombana nao. Alimwambia tu mkewe, Nyirabagenzi, mama wa mtoto wao Émile, kwamba udongo ni udongo, kisha akaenda kutafuta kibarua.

Kiangazi hicho, mwaka 1948, Nyirabagenzi alipanda viazi vitamu pale bondeni. Mvua ikawahi kurudi, ikaviozesha vyote. Akaona heri naye atafute kazi, akapata ya kupalilia bustani ya masista wa misioni.

Siku moja Sista Godelieve alikuwa akipunguza maua yaliyosongamana kando ya mfereji, na mizizi akiitupa kwenye takataka. Nyirabagenzi akaokota mmoja. Ulikuwa mnene kama kiazi, umejaa maji.

"Masera, hii inapenda mahali pa maji?"

"Arumu? Itafurahi pale kwenu kuliko hapa."

Sista akamjazia kikapu: arumu zenye maua meupe, kana zenye maua mekundu, na juu yake konzi ya glayeli, maua ambayo mbegu zake ni kama vitunguu vidogo bapa.

Floribert alimkuta mkewe bondeni, matope mapajani, akizifukia.

"Mama Émile, maua hii tutaikula na chumvi ao bila chumvi?"

Nyirabagenzi alicheka, akafukia mzizi mwingine. Alichojua ni kwamba amechoka kufungua mlango kila asubuhi na kutazamana na maji meusi.

Arumu na kana zilishika upesi. Glayeli hazikuota. Alipofukua kwa kidole akakuta zimelainika na kunuka. Chache zilizokuwa bado ngumu akazifuta tope, akazianika kwenye uchaga juu ya meko, akaziacha huko.

Mvua zilizofuata, bonde zima liligeuka jeupe kwa arumu na jekundu kwa kana. Watu waliokwenda sokoni walisimama njiani kutazama. Wengine walisifu, wengine waliuliza nyumba hiyo ina njaa ya nini hata ikalima kisicholiwa. Nyirabagenzi aliwasikia wote, akaendelea kung'oa magugu.

Ndipo ndama wa jirani yao Mbonigaba akaingia bondeni, akala majani ya arumu. Mbonigaba alifika mlangoni akitweta.

"Mutoto ya ngombe yangu anakufa sababu ya majani yako."

Nyirabagenzi hakubisha. Alichukua kibuyu cha maziwa, akamfuata. Ndama alikuwa amelala, ulimi umevimba, ute unamchuruzika. Alimwosha mdomo kwa maji safi, akamtilia maziwa kidogo kidogo, akasubiri ameze, akamtilia tena. Mchana kutwa alikaa kwenye samadi, kichwa cha ndama kikiwa mapajani mwake, akijiuliza kama kitu kizuri kiasi kile kina haki ya kuua. Jioni ndama akasimama, akamtafuta mama yake.

Mbonigaba alishukuru, ila hakulegeza neno. "Amepona, ni vizuri. Lakini ile maua, kesho uyangoe yote."

Nyirabagenzi aliinamisha kichwa. Alikuwa karibu kukubali, kwa kuwa aliona jirani yake ana haki, ndipo Floribert, aliyekuja kumchukua mkewe, aliposema kwa sauti ya chini:

"Papa Mbonigaba, ndugu zangu walitwaa mulima, nikanyamaza. Hii moja sitanyamaza. Tutachimba mufereji, tuzungushe pote. Ngombe haitapita tena."

Mkewe alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Mbonigaba naye akampapasa ndama mgongoni, akasema, "Basi, chimbeni."

Mume na mke walichimba pamoja kila Floribert alipotoka kibaruani, udongo wakiutupa upande wa ndani, hata ukawa tuta pana la kuzunguka bonde. Maji yakaanza kushuka mferejini kuelekea kijito. Nyirabagenzi alishika udongo wa lile tuta akaufinya: ulikuwa na unyevu, lakini haukutoa maji. Akarudi nyumbani mbio, akazishusha zile glayeli kutoka uchagani, akaja kuzipanda juu ya tuta. Mvua zilipochanganya, glayeli zilisimama pale juu, nyekundu na za waridi, na arumu nyeupe zikiwa chini yao penye maji.

Miaka ikapita. Mwaka 1955 mama yake Mbonigaba alifariki. Mbonigaba alikuja, akasimama ng'ambo ya mfereji, kofia mkononi.

"Mama yangu alikuwa anapita hapa akienda misa," alisema. "Alikuwa anasimamaka kutazama maua. Hakuniambia, ni watoto waliniambia leo."

Nyirabagenzi hakumngoja aombe. Alishika kisu, akaanza kukata arumu, kisha kana, kisha glayeli zote, akimpa mafungu mazito ya maua, hata Floribert akaja kusaidia kubeba. Walipomzika mama yule, kaburi lilifunikwa lote kwa maua.

Kesho yake bonde lilikuwa majani matupu. Floribert alisimama kizingitini.

"Itarudi?" aliuliza.

"Itarudi. Mizizi iko chini."

Floribert alichukua jembe lake, akamwomba mkewe amwonyeshe jinsi ya kuigawa, kwa sababu mke wa Mbonigaba alikuwa ameomba michache ya kupanda kaburini.