Bernadeta Alivyomzika Baba Yake Mzima

Bernadeta si mwongo. Nalisema mapema, maana pale Bigwa maneno yalizagaa, na wapo ambao hadi leo wakimwona wanacheka chinichini. Wacheke tu, midomo yao. Huyu ni mwanamke aliyeokota mayai kwenye mabanda ya mzee Mansuri miaka na miaka, na hajawahi kuficha hata yai lililopasuka.

Kilichomponza ni msiba. Asubuhi moja simu ilimkuta bandani: Mjomba Teofili, kaka wa mama yake, amefariki kule Kinole. Trei ikamponyoka, akakaa chini palepale katikati ya kuku, akalia. Mgeni atauliza, mjomba tu? Ee, mjomba! Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, wenyewe wanasema lukolo, na mkubwa wa lukolo ni mjomba. Teofili ndiye aliyempa shamba. Ndiye aliyekaa na washenga alipoposwa, na ndoa ilipovunjika akamfuata na kumrudisha nyumbani bila kumuuliza swali hata moja. Azikwe yeye hayupo? Haiwezekani.

Mwanahawa, mwenzake wa kazi, akamshika mkono. "Shoga yangu, ukisema mjomba umekwisha. Ruhusa ya msiba yenye malipo, sheria inataja mtoto, mume au mke, mzazi, babu na bibi, mjukuu, na ndugu wa kuzaliwa. Mjomba hayumo. Mimi nilifiwa na shangazi nikajibiwa hivyohivyo."

"Hayumo kwa nini?"

"Nijue mimi? Sema baba. Kwani si ndiye aliyekulea?"

Basi Bernadeta akaingia kwa mzee Mansuri, macho mekundu. "Shikamoo mzee. Nimefiwa na baba." Mzee aliinuka kitini, akampa pole na ruhusa, akaongeza mchele wa kupeleka kwa wafiwa. Mchele ule ulimchoma Bernadeta rohoni njia nzima ya kupanda mlima.

Alizika, akarudi kazini, mambo yakatulia. Kosa lake, hakumwonya baba yake. Angemwambiaje? Baba usipite kazini kwangu, nimeshakuua? Na baba huyo, Petro, hashuki mjini bila kumletea bintiye ndizi. Siku moja alipogonga geti, aliyefungua ni mzee Mansuri mwenyewe.

"Hodi hapa. Mimi baba yake Bernadeta," akasema Petro, jasho likimtiririka, mkungu begani.

Lo! Mzee Mansuri alishikilia geti asianguke. "Baba yake yupi? Mbona nimeshakusomea dua?"

Wengine wangemfukuza mtu papo hapo, vitu vyake vikatupwa nje. Mzee Mansuri alikasirika, tena sana, ila anajua kwamba hasira si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Alimpa tuhuma yake kwa maandishi, kwamba amemdanganya mwajiri, akampa muda wa kujiandaa, akamwambia aje kusikilizwa na mfanyakazi mwenzake amtakaye. Watoto wa Bernadeta wanakula kwa kazi ile; lile shamba la mlimani peke yake haliwatoshi.

Siku ya kikao walikaa barazani, mbele ya stoo ya chakula cha kuku. Bernadeta alikuja na Mwanahawa, na nyuma yao Petro, ambaye hakuna aliyemwita.

"Mimi ndiye niliyemfundisha, mzee," Mwanahawa akawahi.

"Hapana, ulimi ni wangu," akasema Bernadeta. "Nilidanganya. Lakini mzee, aliyekufa ni mjomba wangu, ndiye aliyekuwa mwamba wa nyumba yetu. Niliogopa utasema hayumo."

Mzee Mansuri akajibu, "Hayumo kweli, na malipo ya msiba nisingelazimika kukupa. Lakini likizo yako ya mwaka ilikuwepo yote, hujaigusa! Ungeniambia mjomba, ningekuruhusu uende kwa hiyo, ukae mpaka uchoke. Kilichoniuma si zile siku. Umeniona mimi si mtu wa kuambiwa ukweli, baada ya miaka yote hii?"

Bernadeta alilia kwa aibu. Mzee akatoa uamuzi: onyo la maandishi, na wakakubaliana siku zile zihesabiwe kwenye likizo yake. Kazi inabaki. Mwanahawa alipiga kigelegele, akanyamazishwa.

Bintiye alipomsindikiza getini, Petro alisimama, akivua kofia na kuivaa tena. Maisha yake yote katika lukolo ya mkewe amekuwa mgeni anayeheshimiwa, akisikiliza wajomba wakiamua.

"Mama, siku ile ulipomwambia bosi wako nimekufa," akauliza polepole, "ulilia?"

"Nililia sana, baba."

Petro alitabasamu kama mtu aliyepewa kitu. "Basi vizuri. Nilidhani sisi akina baba hamtulilii."

Bernadeta alitaka kumweleza machozi yale yalikuwa ya nani. Akaacha. Alimkumbatia mzee wake palepale getini, na hapo ndipo alipomlilia yeye hasa.