Nilimsifu Mjane wa Sinema Aliyefunga Mlango

Mhariri shikamoo, na wasomaji wote nawasalimu. Ukurasa huu nimeukuta dukani, nimefungiwa sukari ndani yake, nikausoma wote kabla hata sijaimimina hiyo sukari. Kumbe mnapokea mambo ya watu na majina mnayaficha. Langu lificheni kweli, maana huku Kanoni tunajuana hadi kwa kukohoa.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, mjane, nina watoto watatu. Mume wangu alikufa kwa homa mwaka juzi. Aliniacha kwenye kibanja kizuri, migomba na kahawa, ila kibanja ni cha ukoo wake, na watoto ni wa ukoo wake. Kwa desturi yetu mimi nami narithiwa, na mrithi ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Si mtu mbaya, lazima niseme haki. Ndiye anayepogoa kahawa yangu, na mtoto akiugua ndiye anayembeba hadi zahanati. Lakini ana mke wake, na mimi moyo wangu haumtaki kabisa. Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa naahirisha tu, mara naomba nimalize kulia, mara naomba mtoto apone kwanza, nao watu wa ukoo wakawa wananivumilia.

Ndipo likaja gari la sinema la serikali. Walitundika kitambaa cheupe uwanja wa shule, watu wakaja kwa miguu hata kutoka Kiruruma. Picha ya kwanza ilikuwa ya kupanda kahawa, hiyo hatukuijali, kahawa tunaiona kila siku bure. Ya pili ilikuwa ya mjane mmoja wa nchi nyingine. Shemeji yake anakuja na mkeka begani, anataka kuingia. Yule mama anamtazama, hatukani, halii, anafunga mlango taratibu hadi komeo linasikika. Papo hapo mvua ikashuka, bwana wa mashine akakunja kitambaa chake, tukatawanyika mbio. Alisema mwisho wake tutauona akirudi. Hajarudi mpaka leo.

Siku iliyofuata tulikuwa tunamenya ndizi kwa jirani aliyekuwa anaoza binti, na mnajua wanawake tukishika visu. Kila mtu alikuwa na lake juu ya sinema. Mmoja alisema ng'ombe wa kwenye picha wana vipembe kama vya mbuzi, hakuona cha kusifu. Bibi mmoja alikasirika kwamba watu wale wanaingia nyumba za wenzao bila salamu. "Hata shikamoo hawana, halafu wanapigwa picha!" Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Ndipo wifi yangu, dada wa marehemu, akanigeukia.

"Na wewe, waitu, mwenzetu, ulipenda wapi?"

Nami bado nacheka nikasema, "Mimi nilimpenda yule mama alipofunga mlango. Ningemwona ningempa mkono."

Hakuna aliyecheka tena. Wifi akasema, "Haya, tumesikia," akachukua ndizi nyingine akaendelea kumenya.

Jioni ile shemeji alikuja akasimama uani, hakutaka kiti. "Shemeji," akasema, "kama ulikuwa na neno juu yangu, ungeniambia mwenyewe. Umeniaibisha mbele ya wamenya ndizi."

"Shemeji, tulikuwa tunaongea habari za sinema tu."

"Na mlango huo uliousifu, uko kwenye sinema au uko hapa?"

Alikuwa na machozi, jamani, na mimi nilimwonea huruma, na bado sikumtaka.

Baada ya hapo mkubwa wa ukoo, baba mkubwa wa marehemu, aliniita kwake. Hakufoka. Alisema kungoja sasa basi. Kahawa ikishavunwa ukoo utakaa, nami nitaleta kikapu cha kahawa ya kutafuna kama tunavyomkaribisha mgeni yeyote. "Ukimpa shemeji yako kwa mkono wako, umekubali akurithi, tumemaliza," akasema. "Ukimpita, umefunga mlango kama yule mwenzako wa sinema. Utarudi kwenu. Watoto watabaki."

Nilikimbilia kwa katekista. Akaniambia nikirithiwa na mume wa mtu sitapokea komunyo tena. Nikamwuliza, "Na nikikataa, nani atalala na watoto wangu?" Akasema tuombe. Tukaomba, nikarudi na swali langu vilevile. Kwetu ni upande wa Rubwera, lakini baba hayupo tena, na kaka yangu amesema nafasi ni ya mtu mmoja tu.

Nimekwama, wenzangu. Kila mti wa kahawa ninaoumaliza kuchuma unanisogeza kwenye kikao kile. Juzi nilianza kuziacha mbivu mtini makusudi, ili mavuno yachelewe. Binti yangu mkubwa alikuwa nyuma yangu na kikapu chake. "Mama, hizi umezisahau," akasema, akazichuma zote, tena kwa furaha, akingoja nimsifu. Nilimsifu. Kisha nikaingia ndani ya migomba nikalia.

Msiniambie nilipaswa kunyamaza, hilo nimejiambia vya kutosha. Nishaurini, kikapu kile nikikishika nifanye nini? Na kama yupo kati yenu, wa Bukoba au mbali zaidi, aliyeiona picha ile mahali ambapo mvua haikunyesha, naomba aniandikie hapa hapa ukurasani. Yule mama alipofunga mlango, watoto wake walikuwa upande gani?